Wiki mbili na Pixies na bado sijaguswa: nielekezeni mlango

1. Mwana wa Menengai, Nakuru

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa simu, na kibandani mwangu muziki hauzimwi tangu nifungue asubuhi hadi nifunge usiku. Nimependa roki ya miaka ya tisini kwa muda mrefu, hasa Nirvana na Radiohead, na kila ninaposoma habari za bendi hizo nakuta jina moja limetangulia, Pixies, likitajwa kwa heshima ambayo kwetu huwekewa babu aliyegawa mashamba. Nikaona nimwendee babu mwenyewe. Nimesikiliza albamu yao ya Doolittle wiki mbili mfululizo, na nilichosikia ni nyimbo zinazokatika kabla sijazizoea, mwanamume anayenong'ona kisha akapiga mayowe kama aliyemwagiwa uji wa moto, na mwanamke anayemwitikia kwa upole kana kwamba hakuna lililotokea. Sijachukia, ila sijaguswa. Je, kosa ni langu, ni la albamu niliyoanza nayo, au sifa za watu hawa zimetiwa chumvi?

2. Gitaa Kavu, Kakamega

Pole, ndugu, umeingilia dirishani. Waingereza hao huanzwa na Surfer Rosa ya mwaka 1988. Albamu zote mbili zilirekodiwa na Steve Albini, lakini hiyo ya awali ndiyo iliyoachwa mbichi, ngoma zinasikika kana kwamba mpigaji yuko sebuleni kwako nawe uko jikoni. Doolittle imepigwa pasi, na anayeanza na nguo iliyopigwa pasi hawezi kuelewa kwa nini watu walishtuka.

3. Mwalimu wa Mumias

Kuhusu mlango nakubaliana nawe, Gitaa Kavu, lakini mambo mawili yarekebishwe kabla hayajazoeleka. Pixies si Waingereza. Bendi iliundwa Boston, Marekani, mwaka 1986, na Charles Thompson, anayejiita Black Francis, pamoja na Joey Santiago, mzaliwa wa Manila, ambao walikuwa wamefahamiana chuo kikuu kule Massachusetts. Kinachowachanganya wengi ni kwamba kampuni iliyotoa santuri zao, 4AD, ni ya London, na Uingereza iliwapokea vizuri kuliko kwao. La pili ni kwamba Albini alirekodi Surfer Rosa tu. Doolittle ya 1989 ilitayarishwa na Gil Norton, ambaye kweli ni Mwingereza, na huenda ndiye aliyekuponza.

Kuhusu nyimbo kukatika mapema, hilo lilikusudiwa. Norton alitaka baadhi zirefushwe, ndipo Thompson akampeleka kwenye duka la santuri na kumpa mkusanyiko wa nyimbo za Buddy Holly, ajionee kwamba nyingi haziendi mbali zaidi ya dakika mbili. Doolittle ina nyimbo 15 ndani ya dakika 38 na ushei. Mleta uzi alitegemea mlo mkubwa, na hawa wanapika vitafunio.

4. Mzee wa Kaseti, Kisumu

Niliipata Surfer Rosa katika soko la Kibuye, Jumapili moja ya mwaka 1993, ndani ya lundo la mitumba, kati ya suruali za koduroi na mikanda ya ngozi. Kaseti haikuwa na jalada. Palikuwa na kikaratasi tu, jina la bendi limeandikwa kwa wino wa buluu. Redio yangu ilikuwa na tabia ya kumeza utepe, kwa hiyo kila baada ya wimbo wa tatu au wa nne niliitoa kaseti, nikachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la gurudumu na kuzungusha hadi utepe ukaze. Ndivyo nilivyoijua albamu ile, vipande vipande, kalamu mkononi, na hadi leo Where Is My Mind? ikianza kidole gumba chenyewe hujiweka tayari.

Hoja yangu ni hii. Mimi niliwasikia Pixies kabla ya Nirvana. Rafiki yangu aliponiletea Nevermind, albamu ya Nirvana, nilimwambia kwamba hawa ni wanafunzi wa wale wa kaseti yangu, akanicheka sana. Baadaye Kurt Cobain mwenyewe alieleza katika mahojiano na jarida la Rolling Stone, mwanzoni mwa 1994, kwamba alipotunga Smells Like Teen Spirit alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies, hasa ile namna ya kushusha sauti kisha kuipandisha ghafla. Nirvana hao hao walipotaka kurekodi In Utero mwaka 1993 walimwendea Albini. Wewe, Mwana wa Menengai, umekula pilau kwa miaka yote hiyo. Leo umepewa bizari peke yake, unauliza mbona haishibishi.

5. Kamba Nane, Siaya

Bizari nimeipenda, Mzee, lakini hoja yako ina tundu. Mimi pia nilianza na wajukuu, na bado Pixies walinishika siku ya kwanza. Sababu yangu ni benga.

Katika benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz waimbaji huanza kwa utulivu, magitaa yakitembea chini yao. Halafu uimbaji unanyamaza, na gitaa la kwanza linapanda na kuuteka wimbo hadi mwisho. Enzi za santuri za kasi ya 45 wimbo mmoja uligawanywa pande mbili, na wachezaji walijua kabisa upande wenye jasho. Aliyelelewa na mgawanyo huo akikutana na ubeti wa Pixies ulioachiwa besi na ngoma, mwili wake unajua kwamba kuna kitu kinasubiriwa. Mleta uzi, rudia Tame, wimbo wa pili tu katika albamu hiyo hiyo uliyo nayo. Haufiki dakika mbili: noti chache za besi zinazorudi zile zile, mnong'ono, kisha ukuta unaanguka. Ukiusikiliza kama mtu anayesubiri upande wa pili, hutauliza tena.

6. Gitaa Kavu, Kakamega

Nimesahihishwa, Mwalimu, asante. Ila wewe, Kamba Nane, unavutia kamba upande wa Siaya. Benga ikishapanda hairudi chini, ilhali Pixies hupanda na kushuka mara tatu kabla sigara haijaisha. Hiyo ni barabara ya milima ya Nandi. Mfano wa karibu zaidi uko kwetu, katika omutibo wa George Mukabi: gitaa moja kavu, chupa ya Fanta inayogongwa, na kati ya viwili hivyo nafasi tupu ambayo hakuna aliyeharakisha kuijaza. Santiago hupiga gitaa hivyo hivyo. Anaweza kushikilia noti mbili tatu zenye ukakasi wimbo mzima, akakataa kata kata kuonyesha vidole vyake vinavyoweza kukimbia. Wanaotafuta gitaa la mbio hawamwoni kabisa.

7. Mama Spika, Kisumu

Wanaume mnagombania Siaya na Kakamega, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa anasikilizia nini.

Kazi yangu ni kukodisha mitambo ya sauti katika harusi na matanga, na nitasema kama fundi. Muziki unaotegemea kushuka na kupanda unaishi kwenye umbali kati ya sauti ya chini na sauti ya juu. Ukiupigia kando ya barabara, honi za matatu zinameza mnong'ono wote, na kinachokufikia ni mayowe matupu. Basi lazima uone kwamba huyu mtu anapiga kelele bila sababu. Simu nyingi pia zina kitufe kinachosawazisha sauti, nyimbo zote zitoke kwa nguvu moja, na ukikiacha kimewashwa mlima na bonde vinakaribiana.

Surfer Rosa ndiyo inayoumia zaidi. Albini hakutegemea maikrofoni zilizobanwa kwenye ngoma tu, aliweka nyingine mbali ili zinase chumba, yaani ule mwangwi mfupi unaosikia mtu akigonga kitu katika nyumba isiyo na fanicha. Baadhi ya sauti za Kim Deal, yule mwanamke anayeitikia, zilirekodiwa bafuni kwa ajili ya mwangwi huo huo. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kukuletea chumba. Inakuletea mbao zilizoanguka. Mleta uzi, unatumia nini?

8. Bado Kijana, Bungoma

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mimi niliwajua kupitia filamu ya Fight Club ya mwaka 1999, ambayo inamalizikia kwa Where Is My Mind?, na wimbo huo naupenda. Nilipotafuta nyingine nikakwama kwenye maneno. Debaser inazungumzia kukata jicho, na nikaambiwa kwamba inatokana na filamu ya Buñuel na Dalí ya mwaka 1929. Nyingine zimejaa Kihispania, na nyingine sielewi ni lugha gani. Nadhani tatizo la mleta uzi ni hilo. Mtu hawezi kupenda asichoweza kukiimba.

9. Mzee wa Kaseti, Kisumu

Kijana, hapa Kisumu watu wamecheza nyimbo za Franco tangu ujanani hadi uzeeni, wakiitikia Kilingala silabi kwa silabi, bila kujua kama wanasifiwa au wanatukanwa. Hakuna aliyesubiri tafsiri. Nyamaza, uimbe unavyosikia.

10. Mwalimu wa Mumias

Hapo nampinga Mzee kwa heshima zote. Kilingala cha Franco kilikuwa kinamwambia mtu jambo, hata kama hukuwa wewe. Maneno ya Thompson nayo yana asili inayofuatilika. Akiwa mwanafunzi aliishi miezi kadhaa San Juan, Puerto Rico, na huko ndiko kinakotoka Kihispania cha Vamos na Isla de Encanta. Crackity Jones inamhusu mtu wa ajabu aliyeishi naye chumba kimoja huko. Ni Kihispania cha mgeni aliyekiokota mitaani, kama Kijaluo changu, ambacho wauza samaki hunisamehe tu.

Chukua Monkey Gone to Heaven. Inataja uchafu unaotupwa baharini na tundu la angani, na inawapa mtu, shetani na Mungu namba zao, 5, 6 na 7, kama mwalimu wa hesabu aliyechanganyikiwa. Pana vayolini na selo pia, jambo ambalo mashabiki wa Surfer Rosa hawakulitarajia. Nilikuwa nausikiliza ufukweni Dunga siku ambayo gugu maji lilikuwa limefunika maji hadi mashua zikashindwa kutoka, mvuvi mmoja akisukuma majani kwa kasia huku mashua yake haisogei hata hatua, na sikuhitaji mtu wa kunifafanulia wimbo. Kwa hiyo nasema maneno yana kazi, ila yanasubiri siku yake.

11. Mwana wa Menengai, Nakuru

Asanteni. Nimesoma yote, na nina aibu ya kuwaeleza.

Mama Spika aliponiuliza ninatumia nini, nilizitazama spika zangu za masikioni kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikiwa kazini huvaa ya kulia peke yake, kwa kuwa sikio la kushoto nimewaachia wateja. Jana usiku nikavaa zote mbili nyumbani, na ya kushoto ikawa kimya. Nilipoupima waya nikakuta umekatikia ndani, karibu na plagi, mahali pale pale ninapowaonyesha wateja kila siku kwamba ndipo zinapokufa. Nimeunganisha, nikatia risasi, nikarudia Doolittle tangu mwanzo. Kulikuwa na gitaa zima ambalo sikuwahi kulisikia. Lilikuwa likizungumza upande ule mwingine wiki mbili nzima.

12. Gitaa Kavu, Kakamega

Mganga hajigangi! Mtu ametuita kutoka kaunti nne tumweleze kasoro za bendi, kumbe amesikia nusu yake.

13. Mama Spika, Kisumu

Msimcheke sana, nina wateja waliocheza harusi nzima upande mmoja wa spika ukiwa umezimika. Lakini, Mwana wa Menengai, usilifanye hilo kuwa jibu la kila kitu. Mzee wa Kaseti aliwapenda kwa redio iliyomeza utepe, iliyokuwa mbovu kuliko vifaa vyako. Nakiri kwamba hilo linaisumbua hoja yangu mwenyewe.

14. Binti wa Besi, Nakuru

Mmefika mchango wa kumi na nne, na Kim Deal ametajwa bafuni tu. Kwangu mimi mlango ndio yeye.

Bendi ilipotafuta mpiga besi ilitoa tangazo gazetini Boston, ikimtaka mtu anayependa Hüsker Dü pamoja na Peter, Paul and Mary, yaani kelele nzito na nyimbo laini za gitaa kavu kwa wakati mmoja. Aliyeitikia ni Deal peke yake, na hakuwa amewahi kupiga besi. Ilibidi atumie ya dada yake. Ndiyo maana besi za Pixies ni sahili, nazo ndizo zinazobeba beti zote ambazo Kamba Nane anaziita kusubiri. Mimi nilijifunza besi kanisani, nikifundishwa na mtu aliyeamini kwamba noti nyingi ndiyo ibada. Siku niliyousikia Gigantic, unaofunguliwa na besi hiyo kisha yeye mwenyewe akaimba, niliweka ala chini, nikaanza tena na noti nne. Kiongozi wa kwaya aliniuliza kama nimeumia mkono.

Jambo moja la kuwafurahisha. Kwenye santuri yao fupi ya Come On Pilgrim ya 1987 na kwenye Surfer Rosa hakuandikwa kwa jina lake. Aliandikwa Mrs. John Murphy, yaani mke wa John Murphy, kwa mzaha, baada ya mama mmoja kumwambia kwamba heshima aliyowahi kupata ni ya kuitwa kwa jina la mumewe. Wanawake wa huku tutauelewa mzaha huo bila mkalimani.

15. Shaka Halali, Eldoret

Nimewasoma kwa makini, na naona kila mmoja amempa mgonjwa dawa aliyokuwa nayo mfukoni. Nami nina yangu: huenda bendi hii ni ya wanamuziki, si ya wasikilizaji. Doolittle ilifika nafasi ya 8 Uingereza, lakini kwao Marekani iliishia nafasi ya 98. David Bowie aliimba Cactus yao katika albamu yake ya 2002, na Cobain amekwisha kutajwa. Wanaowasifu ni watu wa kazi hiyo hiyo, kama vile mafundi seremala wanavyosifu kiungo cha meza ambacho mlaji hakioni. Binti wa Besi ni mpiga besi, Gitaa Kavu ni mpiga gitaa, Mama Spika ni mtu wa mitambo. Yuko wapi msikilizaji mtupu?

16. Mzee wa Kaseti, Kisumu

Niko hapa. Sijui kupiga hata filimbi. Na wakati huo nilikuwa nauza sukari.

17. Mwalimu wa Mumias

Takwimu za Shaka Halali ni sahihi, ila zinaishia mapema. Bendi ilivunjika mwaka 1993, kwa namna isiyo ya kistaarabu: Thompson alilitangaza redioni, akampigia simu Santiago, na Deal na David Lovering wa ngoma wakapelekewa faksi. Waliporudi jukwaani mwaka 2004 walikuta umati mkubwa kuliko ule waliouacha, na si rahisi kuamini kwamba wote walikuwa wapiga besi. Albini naye aliwahi kuibeza kazi ile, akaja kuomba radhi baada ya miaka mingi. Hata aliyekaa nao studio alihitaji muda.

18. Kamba Nane, Siaya

Lovering baadaye akawa mwanamazingaombwe, msisahau. Na Gitaa Kavu, nimesikiliza Mukabi usiku wa jana na Surfer Rosa mara baada yake. Nafasi tupu nimeikubali. Benga siiachi.

19. Mwana wa Menengai, Nakuru

Narudi na habari, nusu nzuri. Nimefuata maelekezo yote bila mpangilio. Tame imenipata, nilisubiri, ukaanguka. Gigantic nimeupiga kibandani mara sita, na mteja aliyeleta simu iliyozama kwenye maji aliuliza ni nani huyo mama, akabaki amesimama hadi wimbo ukaisha, ingawa simu yake nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba imekufa. Surfer Rosa nimeisikiliza usiku, masikio yote mawili, taa imezimwa, na chumba alichokisema Mama Spika nimekisikia. Lakini Debaser, ambao kila mtu anausifu, bado unanipita kama matatu isiyo na nafasi, na sijui ni kwa sababu ya maneno, bizari, au masikio yangu yaliyokwisha kuzoea pilau. Come On Pilgrim sijaigusa.

20. Mzee wa Kaseti, Kisumu

Usiiguse simuni. Kaseti yangu ina Come On Pilgrim upande wa pili, nyimbo nane, dakika kama ishirini. Nitaikabidhi kwa matatu ya Nakuru kesho asubuhi. Una redio ya kaseti?

21. Mwana wa Menengai, Nakuru

Ninayo moja, iliachwa na mteja ambaye hakurudi. Inameza utepe.

22. Mzee wa Kaseti, Kisumu

Basi nitaifungia na kalamu.